Mashine Yenu na Gauni la Mdogo Wangu

Kwa Ndugu Msimamizi wa Malalamiko,
Kampuni ya Programu ya Kuchora Picha kwa Maneno.

Ndugu Msimamizi,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, umekaa kwenye kiti chenye mgongo, na huna haraka. Mimi pia ni mzima, isipokuwa macho, na hayo nitayaeleza kwenye namba nne.

Kwanza niwie radhi kwa kukuandikia kwenye karatasi. Ndani ya programu yenu kuna kisanduku kilichoandikwa "Tuambie unavyojisikia", nikasema moyoni, kumbe hawa ni watu waungwana. Nikaanza kujieleza. Nikiwa bado kwenye salamu kisanduku kikanikatiza, kikaniambia herufi zimekwisha, kisha kikaniletea nyuso tano za manjano nichague mmoja: wa kucheka sana, wa kucheka kidogo, na kuendelea mpaka wa kununa. Nilitafuta uso wa mtu aliyeshona nguo miaka thelathini na moja halafu akabishiwa na simu kuhusu mkono wa gauni. Haukuwapo. Ndiyo maana nimechukua kalamu.

Mimi ni fundi cherehani. Chumba changu cha kazi kina mlango mmoja, dirisha moja, vyerehani viwili, meza ya kukatia, na kioo kirefu chenye ufa ambao wateja wangu wote wanajua kuukwepa. Ukuta wa kushoto natumia pamoja na kinyozi. Yeye akiwasha mashine yake ya kunyolea, sindano zangu zinatetemeka kwenye kopo. Mtaani wananiita Mkasi. Wanasema ni kwa sababu ya kazi, na mimi nimeamua kuwaamini.

Kisa chenyewe ni hiki. Mdogo wangu, tumbo moja, alifariki binti yake akiwa na miaka minne. Binti huyo sasa ni muuguzi wa wodi ya watoto, na Jumamosi hii anaolewa. Ya harusi ya mama yake imebaki picha moja tu. Bati lilivuja, maji yakaingia kwenye fremu, na nusu ya chini ikaganda kwenye kioo. Kilichosalia ni uso, kola na mabega mawili. Kutoka mabegani kwenda chini hakuna kitu, ni madoa ya rangi ya chai.

Miezi miwili iliyopita binti aliingia kwangu anahema, ameinua simu juu kama mtu aliyeshinda uchaguzi.

"Mama mkubwa, nimelipata gauni la mama!"

Kumbe alikuwa ameipa mashine yenu ile picha na kuiambia ikamilishe. Nayo haikujivunga, ikakamilisha. Ikampa mdogo wangu mikono mirefu mpaka kwenye kiganja, yenye vifungo vidogo vidogo vilivyopangwa kuanzia kiwiko, sketi iliyomwagika chini kama maziwa, na nyuma yake ikaweka ziwa na mlima wenye theluji. Mdogo wangu aliolewa kwenye ukumbi wa chama cha ushirika. Nyuma yake kulikuwa na mlango wa stoo, na pembeni ya mlango, ndoo.

"Hili silo," nikamwambia. "Gauni la mama yako nililishona mimi. Mikono ilikuwa mifupi, iliishia juu ya kiwiko."

"Lakini mama mkubwa, si picha inaonyesha?"

"Haionyeshi. Inabuni."

"Basi nionyeshe wewe."

Sikuwa na cha kumwonyesha. Tukaenda kwa shemeji, yaani baba yake, mtu ambaye ukimuuliza alivaa nini jana anakuuliza kwani jana ilikuwa siku gani. Akafikiri sana. "Lilikuwa jeupe," akasema, akarudi kwenye redio yake.

Basi tukabaki mimi na simu. Mimi nakumbuka, yenyewe inaonyesha, na siku hizi ukitaka kuaminiwa uwe na cha kuonyesha.

Ndugu Msimamizi, kila anayekuja kwangu kuomba kazi, hata awe na vyeti vya kujaza begi, nampa mtihani kwanza. Nikaona kwamba mashine yenu nayo imekuja kuomba kazi ya kumvalisha binti yangu, tena bila hodi. Na ifanye mtihani kama wenzake. Binti akaniwekea programu kwenye simu yangu, akanionyesha pa kuandikia, akaniambia kwa siku ninaruhusiwa picha kumi. Nimeipima kwa wiki tatu, kwa haki na bila chuki. Malalamiko yangu ni kama ifuatavyo.

1. Mashine yenu haielewi inachoambiwa, na haiulizi.

Nilianza na jambo jepesi, nikaandika: fundi akiwa kazini. Ikaniletea mwanamume amelala chini ya sinki na spana mkononi. Sikukasirika, fundi bomba naye ni fundi, ana watoto wanaokula. Nikaandika: mwanamume nadhifu aliyevaa tai. Akaja mwanamume nadhifu, suti ya kijivu, viatu vinang'aa, na shingoni amejifunga ndege. Tai mzima, mwenye mdomo wa kulabu, amekunja mbawa kifuani kwa adabu zote. Nikaandika: gauni lenye vifungo saba mbele. Likaja gauni lenye madirisha ya nondo kutoka kifuani mpaka magotini, na kwenye dirisha la tatu kuna mtu anachungulia. Sijui alihukumiwa kwa kosa gani.

Nilipoandika gauni lenye mikono mifupi, nikapewa gauni lililoota mikono mabegani. Mikono ya watu, Ndugu Msimamizi. Mifupi, kama nilivyoagiza. Ilikuwa inapunga. Hiyo sikuweza kukaa nayo peke yangu, nikampelekea kinyozi. Alicheka akiwa bado ameshika mashine, na mteja wake, karani wa mahakama, akatoka pale na barabara kichwani ambayo hakuiagiza. Karani naye anawasalimu, ila maneno aliyotumia nimeyaacha.

2. Haijui kuhesabu.

Nilipojifunza kuandika "vifungo vya nguo, si vya gerezani", niliomba vifungo saba. Nikapata tisa. Nikaomba tena, nikapata sita. Mara ya tatu sikumaliza kuhesabu, kwa sababu vilipanda begani, vikazunguka mgongoni na kupotea kama siafu wanaohama. Matundu ya vifungo hayakuwapo. Katika picha thelathini nilizokagua kwa miwani, kifungo kilichopata tundu lake kilikuwa kimoja, na tundu lenyewe lilikuwa kwenye nguo ya mtu wa pembeni.

Kuhusu vidole sitasema sana, nasikia hilo mnalifanyia kazi. Nilichorewa fundi mwenye vidole saba mkono wa kushoto na, kusema kweli, nilimwonea wivu. Viwili vya kushika kitambaa, kimoja cha kusukuma, vitatu vya kushikilia pini, na kimoja kinabaki cha kumnyooshea mteja anayekuja kuchukua nguo miezi minne baada ya siku tuliyopatana.

3. Haijui kukataa, na imeanza kuambukiza watu.

Niliomba koti lisilo na mfuko hata mmoja. Likaja na mifuko mitano. Nikaandika kwa herufi kubwa HAKUNA MIFUKO, ikawa saba, mmoja kwenye kiwiko. Nikaona hii ni mashine isiyopenda kumnyima mtu. Ndipo nikaipa mtihani wangu mkuu, ule ninaowapa wanafunzi siku ya kwanza. Nishonee gauni lisilo na mshono, lisilo na zipu, lisilo na kifungo wala tundu la kupitishia kichwa. Mwanafunzi mwenye akili ananitazama, anakuna kichwa, ananiuliza, "Sasa fundi, atalivaaje?" Swali hilo ndilo jibu. Anayeuliza hivyo nampa kiti.

Mashine yenu ilichora kwa sekunde ishirini. Ikamweka na mwanamke ndani, kichwa kimetokea juu, anatabasamu. Nilimtazama yule mama mpaka nikamhurumia. Aliingiaje? Na ataogaje?

Usidhani ni mzaha wa kwenye simu. Mtaa wa pili kuna fundi tunayemwita Bwana Ndiyo, maana mteja hajawahi kusikia neno jingine kwake. Huyo na mashine yenu ni damu moja. Mwezi uliopita mwalimu mkuu wa shule ya jirani alikuja kwangu na picha ya suti aliyochorewa na mashine. Kola yake upande wa kulia ni kola, upande wa kushoto inateremka polepole mpaka inageuka mfuko. Vifungo viko pande zote mbili.

"Mwalimu," nikamwambia, "hili koti halifunguki."

"Mbona huyu kalivaa?" akanionyesha yule wa kwenye picha.

Nikamweleza kwamba yule hana mgongo. Akaona namdharau, akaenda kwa Bwana Ndiyo, na Bwana Ndiyo akashona kama ilivyochorwa. Alichofanya, kwa kuwa koti halikuwa na pa kuingilia, ni kumsimamisha mwalimu katikati ya chumba na kumalizia mshono wa mwisho akiwa ndani. Siku ya mahafali mwalimu mkuu alihutubia vizuri mno, watu wakapiga makofi, wakapiga na picha. Alasiri alikuja kwangu kwa mlango wa uani, mikono ameitanua kama sanamu ya kufukuzia ndege shambani, jasho linamtoka, akaniomba kwa sauti ya chini nimtoe. Nikachukua mkasi, nikamtoa. Sikumwambia neno hata moja. Kunyamaza huko kulinichosha kuliko kazi ya wiki nzima.

4. Inachora vizuri mno.

Hapa ndipo macho yangu yanapoingia. Mtihani wa haki lazima utaje na mazuri, na haya mazuri ndiyo yanayoniuma. Mashine yenu inakijua kitambaa. Niliomba satini, nikaona mwanga unavyoteleza kwenye mkunjo na kutulia. Niliomba mahameli, nikajikuta napitisha kidole kwenye kioo cha simu kutafuta manyoya yake yamelalia upande gani. Inajua kwamba pamba iliyopigwa pasi ikiwa na unyevu haikai sawa na iliyopigwa kavu, jambo ambalo wanafunzi wangu wawili waliondoka kwangu bila kulijua.

Ingekuwa inachora vibaya, tungecheka na mambo yakaisha. Mwongo mwenye kigugumizi hamsumbui mtu. Ninyi mmetengeneza mwongo mwenye sauti ya kubembeleza, akitaja gauni ambalo halikuwahi kuwapo unasikia mpaka linavyochakarika. Nimekaa na magauni hayo mpaka macho yakatoa machozi na sufuria mbili zikaungua. Mume wangu amekula mikate mikavu kwa ajili yenu, na hajui hata mnaitwa nani.

5. Hairudii kitu.

Ukiiambia, gauni hilihili, punguza mikono tu, inakubali kwa furaha, halafu inakuletea gauni jingine, mwanamke mwingine, chumba kingine, na paka. Mimi nikimpunguzia mteja mikono ya gauni, anatoka na uso uleule alioingia nao. Sijawahi kumwongezea mtu paka.

6. Ilinichora mimi.

Niliandika: mwanamke fundi cherehani mwenye uzoefu wa miaka thelathini na moja. Akaja msichana wa miaka ishirini na miwili, kucha ndefu, ndani ya chumba kikubwa kama benki, mbele ya cherehani isiyo na sindano. Uzi ulikuwa unatoka hewani. Nikaongeza neno "mtu mzima". Akaja bibi wa miaka tisini, amekunjamana kama karatasi ya dukani, mwanga mmoja unampiga kutoka dirishani, na chozi liko njiani. Katikati ya hao wawili mashine yenu haina mtu. Mimi nina miaka hamsini na sita, Ndugu Msimamizi. Nina kiuno kinachouma na kazi kumi na nne za kumaliza kabla ya Ijumaa, na silii.

7. Ilimziba mdogo wangu mwanya.

Hili ningelitanguliza, ila nilitaka kwanza tuzoeane.

Binti alikuwa ameziona picha zangu zote za mtihani, akacheka mpaka akashika mbavu, hasa ile ya ndege. Lakini kwenye gauni la mama yake hakuyumba. Alinieleza kwa upole wa kiuguzi kwamba kukosea tai si kukosea kila kitu, na kwamba hata mimi huwa nasahau funguo. Siku moja akapita akitoka kazini, bado yuko na sare, akaketi kwenye kigoda cha wateja. Akanipa simu.

Alikuwa ameiambia mashine yenu imchore mama yake kama angekuwa hai, amesimama naye siku ya harusi, anacheka.

Nikaketi. Pale mbele yangu alikuwa mdogo wangu ana miaka hamsini na kitu, mvi mbili tatu, mkono begani kwa mwanawe. Hata anavyoinamisha shingo mlipatia, sijui mlijuaje. Na alikuwa anacheka, meno yote yamepangana kama vigae vya hospitali.

"Huyu si mama yako," nikasema.

"Najua, mama mkubwa. Nilitaka kuona tu."

"Hapana, nasema meno. Mama yako alikuwa na mwanya. Hapa mbele, mpana. Akicheka sana ulikuwa unapiga mluzi."

Akanitazama. "Mama alikuwa na mwanya?"

Miaka ishirini na mitano, na hakuna aliyemwambia. Mimi nilidhani baba yake kamwambia, baba yake alidhani mimi nimemwambia, na kwenye ile picha iliyobaki mdomo umefungwa, maana maharusi wa wakati ule walikatazwa kucheka. Binti akainuka, akaenda kwenye kioo changu, akaukwepa ufa, akafunua meno yake. Na yeye anao. Mdogo, wa kupitisha uzi. Mwaka jana alikuwa akiulizia daktari wa meno namna ya kuuziba.

Kinyozi akawasha mashine, sindano zikatetemeka, akazima, na binti bado amesimama.

"Basi, mama mkubwa," akasema mwishoni. "Shona unavyokumbuka wewe."

Nimeshona. Mikono mifupi, inaishia juu ya kiwiko, kama ilivyokuwa. Gauni liko nyuma ya mlango sasa hivi, limefunikwa shuka jeupe, linasubiri Jumamosi. Kwa hiyo kesi nimeshinda, na barua hii si ya kuomba huruma. Ni ya kudai.

Nadai mambo manne, na naamini mtayaona ni ya wastani.

La kwanza, mashine yenu ije kwangu kujifunza kazi. Miaka miwili inatosha. Itaanza kama walivyoanza wengine wote, kwa kufagia nyuzi na kuokota pini. Mwezi wa tatu nitairuhusu kushika chaki. Kama haina mikono, iazime kwenye lile gauni ililonichorea, ilikuwapo ya ziada.

La pili, kila picha inayochora igongwe muhuri mwekundu usemao HAIJASHONWA, na kwenye picha za suti ziongezwe namba za simu za mtu aliye tayari kuja na mkasi.

La tatu, ifundishwe neno moja: sijui. Ni neno jepesi, herufi tano, linaingia hata kwenye kile kisanduku chenu. Picha ikiishia mabegani, iseme mabegani ndipo ninapojua, kuanzia hapo sijui. Hakuna atakayeidharau. Mimi mwenyewe nasema sijui, ingawa kwa sasa sikumbuki mara ya mwisho ilikuwa lini.

La nne, mmrudishie mdogo wangu mwanya wake, ndani ya siku kumi na nne tangu mtakapopokea barua hii. La sivyo nitaipeleka kwa karani wa mahakama, ambaye nywele zake bado hazijaota na hasira zake ziko palepale.

Nawatakia kazi njema. Wasalimie wahandisi wote, wasalimie na mama zao, ambao naamini nao waliwahi kushonewa nguo na mtu mwenye vidole vitano. Kinyozi anawasalimu. Mwalimu mkuu angewasalimu lakini hataki ijulikane. Mume wangu anawasalimu pia na kuuliza mtamaliza lini. Mashine yenyewe mpeni salamu zangu, mwambieni sina kinyongo, ni kazi tu.

Wenu katika mshono,

Fundi Mkasi

N.B. Barua hii ilikwisha kuwa ndani ya bahasha, na bahasha imefungwa kwa gundi. Nimeifungua leo Jumatatu kwa mvuke wa birika, na kwa kuwa kuandika upya kurasa zote hizi siwezi, someni haya mkijua kwamba ndiyo ya mwisho.

Harusi ilikwenda vizuri. Binti alipendeza, alicheka kwa meno yote, hakuna aliyemkataza. Wakati watu wanakula, akafika shangazi yake, dada wa shemeji, anayeishi mbali na ambaye hatujaonana naye tangu msiba. Basi lilimchelewesha. Akafungua mkoba, akatoa picha iliyofungwa kwenye kitambaa, akasema ameileta kama zawadi. Ni harusi ya mdogo wangu. Nzima, kutoka kichwa mpaka viatu, na ndoo inaonekana.

Mikono ni mirefu, Ndugu Msimamizi. Mpaka kwenye kiganja. Vifungo vidogo vidogo, kuanzia kiwiko.

Nikamwambia shangazi hiyo lazima iwe harusi nyingine. Akanishangaa. "Wifi, si wewe uliyemshonea mikono mirefu kwa sababu ya lile kovu la pasi?"

Nilikuwa na miaka kumi na miwili, mdogo wangu saba. Tulikuwa tunacheza ufundi, mimi fundi, yeye mteja, na pasi ilikuwa ya mkaa, ya mama, ya moto kweli. Nilimwambia anyooshe mkono nimpige pasi kabla hajaenda harusini. Mama aliporudi, mdogo wangu alisema ameangukia pasi mwenyewe. Alisema hivyo mpaka anakufa. Alipokuja kupimwa gauni la harusi hakuniambia anataka mikono ya namna gani, na mimi sikumuuliza. Nilikata mirefu. Halafu, katika miaka hii yote, kidogo kidogo, nikaipunguza. Kichwani mwangu ana mikono mifupi kwa sababu kichwani mwangu mkono wake hauna kitu.

Kwa hiyo kwenye mikono mashine yenu ilipatia, labda kwa kubahatisha, na mimi niliyekuwapo ndiye niliyebuni. Tena nimebuni bila kusita, bila kuulizwa mara mbili, na kwa ufundi wa hali ya juu. Nawaomba mfute malalamiko yote saba na madai yote manne. Muhuri ule mkishautengeneza, nileteeni mimi.

Binti alisikia. Aliniuliza, "Kovu gani, mama mkubwa?" nikamweleza palepale, nyuma ya ukumbi, kwenye viti vilivyopandana, na yeye bado ana shada mkononi. Alinisikiliza kama anavyosikiliza wagonjwa, bila kunikatiza. Kisha akasema wiki ijayo anakwenda studio na mumewe kupiga picha ya ukutani, na je, naweza kumwongezea mikono.

Nimekwisha kuikata, iko mezani. Nilipima kwa kumbukumbu, halafu leo asubuhi nikamwita, nikampima tena kwa tepu.